Cheche Haitoki kwa Volti Peke Yake

Mwanafunzi wa fizikia hufundishwa kwamba hewa ya kawaida huvumilia takriban volti 30,000 kwa kila sentimita, kisha cheche hutoka. Jibu hilo ni sahihi, lakini si kamili, na walimu wangefanya vyema wasiliache lipite hivi hivi, maana halitaji wakati.

Volti ziwe nyingi namna gani, cheche haianzi mpaka ipatikane elektroni moja iliyo huru ndani ya mwanya. Elektroni hiyo husukumwa kwa nguvu, hugonga molekuli ya gesi na kung'oa elektroni nyingine; mbili huzaa nne, nne huzaa nane, hata likawa poromoko. Lakini ile ya kwanza hutoka wapi? Karibu na ardhi, mionzi itokayo angani na ile ya miamba huzalisha takriban jozi 10 za ioni kwa sekunde katika kila sentimita moja ya ujazo. Katika mwanya wenye ujazo wa milimita moja tu, hiyo ni jozi moja kwa sekunde 100! Kwa hiyo kungoja huko ni jambo la bahati: mwanya ule ule, volti zile zile, na cheche mara huwahi, mara huchelewa. Hufuata uchelewaji wa pili, ule wa poromoko lenyewe kukua, ambao hupungua kadiri volti zinavyozidi.

Heinrich Hertz alikutana na jambo hili huko Karlsruhe, Ujerumani, mwaka 1887, alipoona cheche yake ndogo ikidhoofika kila alipoikinga na mwanga wa cheche kubwa. Miale ya urujuanimno ilikuwa ikiing'olea elektroni kutoka katika metali. Vitabu vingi husimulia kisa hicho katika sura ya mwanga tu, na hiyo ni hasara.

Anayedhani haya ni ya maabara na atazame kichupa cha gesi kinachokinga simu dhidi ya radi. Kichupa kilichoandikwa volti 230 huwaka kwa kiwango hicho iwapo volti zinapanda polepole. Radi haipandi polepole. Wimbi likipanda kwa volti 1,000 kila mikrosekunde, volti mia kadhaa zaidi huweza kupita kabla kichupa hakijawaka, na zikipita zimekwisha kukifikia chombo. Kuandika volti bila kutaja kasi ni kutoa nusu ya habari. Ndiyo maana baadhi ya watengenezaji walitia ndani ya vichupa kiasi kidogo cha dutu nururifu, ili elektroni ya kwanza isingojewe.