Binti Anapokikimbia Chakula

Mwezi huu tumzungumzie binti anayekonda huku ndizi zimejaa shambani.

Hapa kwetu Bukoba na Muleba mtu akikonda, majirani wana jibu tayari. Siwalaumu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini mwetu walikuwa wa mkoa huu wa Kagera, mwaka 1983, na miaka iliyofuata tulizika mno. Ugonjwa tukauita Juliana, na wembamba ukawa kama tangazo mlangoni. Hata leo, ambapo wenye virusi wanaomeza dawa wananawiri kama watu wengine, binti akikonda hupelekwa kwanza kupimwa damu. Akikutwa hana virusi, nyumbani wanasema ni vidonda vya tumbo. Hedhi ikikatika, mama anashtuka na kupima mimba; haipo. Hapo shangazi anaanza kutaja uchawi. Miezi inapita, wala hakuna aliyeketi kumtazama anavyokula.

Kupima ni vema, tena nasisitiza apimwe virusi, kifua kikuu, kisukari, tezi ya shingo na mimba. Lakini huku ukingoja majibu, itazame sahani yake.

Ugonjwa wa kujinyima chakula madaktari huuita anoreksia. Jina hilo lilitolewa na Daktari William Gull wa London mwaka 1873, kwa hiyo si ugonjwa wa juzi. Mgonjwa huogopa kunenepa kupita kiasi, na hata akibaki mifupa hujiona mnene. Ndugu yake ni bulimia. Huyu hula chakula kingi mno kwa siri, kisha hujitapisha au humeza vidonge vya kuharisha. Ndiye anayetupiga chenga zaidi, maana uzito wake mara nyingi ni wa kawaida. Diana wa Uingereza alieleza kwenye televisheni mwaka 1995 kwamba alikuwa ameugua bulimia kwa miaka. Kwa picha zake zile, nani angedhani?

Najua utaniambia hayo ni mambo ya Wazungu. Kweli, bibi zetu hawakutamani wembamba. Msafiri Speke alipofika Karagwe kwa mfalme Rumanika mwaka 1861, alikuta wake wa jamaa ya mfalme wakinyweshwa maziwa hata kusimama ni taabu, na huo ndio uliokuwa uzuri. Lakini picha zilizomo kwenye simu ya binti yako hazikutoka Karagwe.

Basi tazama haya. Anapika vizuri na kuwapakulia wengine, ila yeye "ameshakula kwa rafiki". Anakata kitoke vipande vidogo vidogo na kuvisogeza sahanini. Anaenda chooni kila baada ya kula, au maji ya bafuni yanafunguliwa kwa nguvu. Anavaa sweta jua la mchana, kwa baridi na kwa kuficha mwili. Nywele zinapukutika, huku mikononi na mgongoni vinaota vinyweleo laini kama vya mtoto mchanga. Anayejitapisha huweza kuwa na makovu juu ya vifundo vya vidole, meno yaliyolika, na mashavu yaliyovimba kama ya mwenye matubwitubwi. Wavulana nao wamo, ingawa ni wachache.

Katika nyumba za Kikristo kuna kificho kingine, nacho ni mfungo. Kanisa likimaliza kufunga, yeye anaongeza siku; Kwaresima imepita, yeye bado. Sisi tunamsifu kwa uchaji. Muulize kwa upole anafunga kwa ajili gani, maana anayemtafuta Mungu hana haja ya kupima kiuno kila asubuhi.

Ukishaona, usimfokee mbele ya wadogo zake, wala usimwite mpiga deko. Achaneni na majina ya "kibonge" na "kimbaombao" hapo nyumbani, kwa kuwa wengine walianzia hapo. Eliya alipolala chini ya mretemu akiomba afe, malaika hakumkaripia. Alimletea mkate na maji, akamwacha alale tena. Ongea na binti mkiwa wawili tu, kisha mpeleke hospitali. Akizimia, moyo ukienda kombo, akitapika damu au akisema hataki kuishi, nendeni siku hiyo hiyo. Kutapika na kuharisha humaliza madini ya potasiamu mwilini, na moyo unaweza kusimama ghafla hata kwa msichana asiyeonekana mgonjwa.

Jambo moja akina mama hawalijui. Aliyekaa muda mrefu bila kula asishindiliwe chakula kwa furaha kwamba amekubali. Mwili uliozoea njaa ukipokea chakula kingi kwa ghafla, madini ya damu huvurugika ndani ya siku chache, naye anaweza kufa akiwa anakula. Aanze kidogo kidogo, chini ya uangalizi wa hospitali. Mkifika, mwambie daktari waziwazi: amekula kiasi gani wiki hizi, anatapika mara ngapi, na anameza vidonge gani. Kipimo cha damu hakitamwambia hayo.