Plastiki Ipitishayo Umeme Yadai Istilahi Zake

Kila mtoto aliyesoma sayansi katika shule zetu amefunzwa kwamba shaba hupitisha umeme na plastiki huuzuia. Ndiyo maana nyaya za nyumbani huvikwa plastiki. Fundisho hilo lilitikiswa zamani.

Mnamo mwaka wa 1967, katika maabara ya Hideki Shirakawa jijini Tokyo, kichocheo kilitiwa kwa makosa mara elfu moja zaidi ya kiasi kilichohitajika. Kukatokea utando wa poliasetilini uliong'aa kama fedha. Mwaka wa 1977, Shirakawa akishirikiana na Alan MacDiarmid na Alan Heeger huko Marekani, utando wa namna hiyo ulitiwa mvuke wa iodini, na uwezo wake wa kupitisha umeme ukaongezeka mara mamilioni. Watatu hao walitunukiwa tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka wa 2000.

Siri yenyewe yaeleweka na yeyote aliyewahi kupanda matatu. Abiria waliobanana kitini hawawezi kusogea. Ashukapo mmoja, wa pili husogea, wa tatu akafuata. Iodini hunyakua baadhi ya elektroni, na zilizosalia zikapata pa kupita.

Poliasetilini huharibika upesi hewani. PEDOT, iliyobuniwa baadaye nchini Ujerumani, hustahimili zaidi. Ikipakwa kwenye kitambaa, huweza kupokea ishara za moyo wa aliyekivaa, na kitambaa kikazidi kukunjika.

Mimi si mkemia. Linalonikera ni la taaluma yangu. Tukisema "plastiki ya umeme", msikilizaji atadhani twazungumzia ile ivikwayo nyaya, yaani kinyume kabisa cha tukusudiacho! Napendekeza "polima pitishi", kutokana na kitenzi "kupitisha", ili ikabiliane na "polima hami". Watakaocheka na wacheke; hata "tarakilishi" ilichekwa.

Katiba ya mwaka wa 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Basi na tumfikirie mgonjwa wa moyo avishwaye fulana ya aina hii. Shuleni aliambiwa plastiki huzuia umeme. Leo aambiwa plastiki iyo hiyo yabeba ishara za moyo wake. Akimwuliza muuguzi kwa Kiswahili kama fulana hiyo haitampiga shoti, muuguzi atamjibu kwa maneno gani?