Kidau cha Wino na Joka la Kausi

Neno "dawati", ambalo leo twalitumia kwa meza ya kuandikia, limetoka katika Kiarabu, na huko asili yake ni kidau cha wino. Wako wafasiri waliosema kuwa herufi Nun inayofungua Surat al-Qalam ndiyo kidau chenyewe. Si ajabu, basi, kwamba mafundi wa Kiislamu walikitukuza chombo hiki.

Wale wa Khurasan, yaani Iran ya mashariki na Afghanistan ya leo, waliwapita wengi. Katika karne ya 12 na mwanzo wa karne ya 13, kabla ya Wamongoli kuivamia nchi yao, walisubu vidau vya shaba ya manjano, vya mviringo, vyenye vifuniko vya kuba na vipete vya kupitishia kamba, ili mwandishi atembee navyo. Wakavitia nakshi za fedha na shaba nyekundu. Kimoja kipo katika makumbusho ya Metropolitan, New York, kimepambwa kwa buruji za falaki. Katika michoro ya zama hizo, Kausi ni mpiga upinde ambaye mkia wake umekuwa kichwa cha joka, naye amegeuka nyuma kulilenga mshale. Joka hilo ndilo lililodhaniwa kumeza jua na mwezi.

Hapo ndipo akina mama wengi husita: chombo cha namna hii kikae nyumbani? Alipofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (s.a.w.), jua lilipatwa, watu wakasema limepatwa kwa kifo chake, Mtume akaikanusha dhana hiyo, akawaamrisha kuswali. Hadithi ya joka haina nafasi katika itikadi yetu. Ama kuhusu sura za viumbe, waulizeni masheikh wenu. Kwangu mimi, kuyeyushwa ndiyo hasara kubwa zaidi, na vyombo vya mabibi zetu vingapi vimekwisha kuuzwa kwa kilo pamoja na vyuma chakavu!

Aliye nacho asikisugue kwa ndimu na mchanga kama masinia ya harusi. Mchanga hukwangua fedha nyembamba, na nakshi ikiondoka hairudi. Kitambaa laini kikavu chatosha. Na kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895 huhesabiwa na Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 kuwa cha kale: hakitolewi nchini bila kibali, hata mgeni akitaja bei gani.