Kukusanyika Wakati wa Hofu: Swali la Makanisa ya Ituri

Usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 27 Julai 2025, waamini Wakatoliki wa Komanda, katika teritwari ya Irumu, walikuwa kanisani wakikesha kwa maombi. Wapiganaji wa ADF wakawavamia. MONUSCO ilitangaza kwamba waabudu 43 waliuawa, 9 kati yao wakiwa watoto. Kabla ya hapo, Jumapili tarehe 15 Januari 2023, bomu lililipuka katika kanisa la Kipentekoste huko Kasindi, Kivu ya Kaskazini, watu wakiwa wamekusanyika kwa ajili ya ubatizo. Wafu hao hatuwatenganishi kwa madhehebu. Msiba huu ni wetu sote.

Tangu hapo swali moja linazunguka katika makusanyiko yetu, hapa Bunia na vijijini. Ikiwa adui anajua saa ya ibada na mahali pake, kwa nini kila mtu asiombe nyumbani kwake? Mungu si anasikia popote? Swali hilo ni la haki, na anayeliuliza asiambiwe kwamba imani yake ni ndogo. Mama aliyelala porini na watoto wake anaijua hofu kuliko mhubiri aliyeshika kipaza sauti.

Waraka kwa Waebrania, sura ya 10, unawaonya waamini wasiache kukusanyika pamoja. Mara nyingi tunautumia mstari huo kama fimbo ya kuwachapa watoro. Lakini sura hiyo hiyo inaeleza kwamba watu hao walikuwa wametukanwa hadharani, wamenyang'anywa mali, na wenzao wamefungwa. Wanaambiwa wakutane ili watiane moyo, maana mtu aliyeumizwa hujitenga, na akijitenga anazidi kuumia. Basi hatuendi kanisani kwa faida yetu tu. Tunakwenda pia kwa sababu ya yule atakayekaa kando yetu.

Tena Biblia haitufungi kwa saa wala kwa jengo. Katika Yohana 20 wanafunzi walikutana milango ikiwa imefungwa kwa hofu, na Bwana alipowatokea aliwapa amani, hakuwakemea kwa kufunga milango. Katika Matendo 12 kanisa liliomba nyumbani kwa Maria, mama yake Yohana Marko, wakati Petro yuko gerezani. Katika Nehemia 4 watu walimwomba Mungu, kisha wakaweka walinzi usiku na mchana. Kwa hiyo kuahirisha mkesha, kuleta ibada ya jioni mchana, kugawa kusanyiko katika vikundi vya nyumbani na kusikiliza maonyo ya viongozi wa mtaa si kukosa imani. Mchungaji anayeng'ang'ania mkesha mahali pa hatari ili aonekane jasiri anasahau kwamba kundi si mali yake.

Lakini kuna njia nyingine ya kuacha kukusanyika, na hiyo haiji na bunduki mlangoni. Vita vya mwaka 1999 hadi 2003 viligawa hata mitaa ya Bunia kati ya Wahema na Walendu. Mauaji yalirudi Djugu tangu mwisho wa mwaka 2017, na utawala wa kijeshi uliotangazwa Mei 2021 haukuyamaliza. Hofu ya namna hiyo inaingia kanisani polepole: kila mmoja anatafuta kusanyiko la watu wake, kwaya ya lugha yake, mchungaji wa kabila lake. Kila Jumapili tunaimba, na bado tumeachana. Katika Waefeso 2 Paulo anafundisha kwamba Kristo amebomoa ukuta kati ya makundi mawili yaliyochukiana. Tukila Meza ya Bwana kila kabila peke yake, tunaujenga upya ukuta huo kwa mikono yetu.

Wengine watasema redio inatosha. Mwaka 2020, kuanzia Machi hadi Agosti, makanisa nchini yalifungwa kwa sababu ya COVID-19, na mahubiri ya redio na ya simu yalitusaidia. Tunashukuru. Lakini redio haijui ni nani amekosekana. Kusanyiko linajua: nafasi tupu kwenye benchi inaonekana, na akina mama wa kanisa wanakwenda kuuliza habari. Tena redio haiwezi kumkalisha aliyefiwa na ndugu yake karibu na jirani wa kabila analoliogopa, wakapokea mkate mmoja.

Wachungaji na wazee wa kanisa, tunawasihi mambo matatu. Pangeni saa na mahali pa ibada kwa hekima, pamoja na wanaoyajua mazingira. Wasioweza kuja, waendeeni: wagonjwa, wazee, na ndugu zetu walio katika kambi za wakimbizi wa ndani, ili ibada iwafikie na wao. Na pale barabara inaporuhusu, badilishaneni wahubiri na kwaya kati ya makusanyiko ya makabila mbalimbali, hata kama mwanzoni watu watakaa kwa wasiwasi.

Nanyi washirika, Jumapili hii kabla ya kutawanyika, tazameni ni nani hayupo, mkapatane ni nani atakayekwenda kwake.