SHAMBA NA MITI: Nyigu wa Mkaratusi

Mtu ajengaye chumba Gatwekera, katika Kibera, hununua mabati, misumari, fito na nguzo. Nguzo hizo aghalabu ni za mkaratusi, nazo hutoka mbali, kwa mkulima ambaye huenda hajapata kuiona Nairobi. Mkulima huyo akiharibikiwa na miche, karo ya watoto wake hupungua, na mjenzi naye hulipa zaidi.

Asili ya mkaratusi ni Australia. Uliletwa Kenya yapata mwaka 1902 ili kupata kuni za magari ya moshi, na reli ile ile ndiyo ipitayo Kibera hata leo. Miaka mia moja baadaye, yaani 2002, wakulima wa magharibi ya Kenya waliona majani machanga yakivimba na kujikunja. Mwaka huo huo habari kama hiyo ilitoka Uganda. Mwenye kuleta maradhi hayo alikuwa nyigu, naye pia mzaliwa wa Australia.

Asidhaniwe kuwa ni nyigu yule aumaye watu. Huyu urefu wake ni kama milimita moja na kitu, rangi yake ya hudhurungi yenye kung'aa kidogo, wala hamdhuru mtu. Jike hutaga mayai ndani ya uti wa jani changa, katika kikonyo chake na katika ncha ya tawi. Hapo mti wenyewe hufanya kinundu, nalo buu hukaa ndani likila na kulindwa, kama mgeni aliyejengewa nyumba na mwenyeji amwibiaye. Kinundu huwa kijani kwanza, kisha chekundu. Baada ya miezi kama minne nyigu mpya hutoboa tundu la mviringo akatoka. Madume ni nadra sana, kwa maana jike huzaa bila dume. Basi mche mmoja wenye vinundu, uliobebwa juu ya basi, watosha kuambukiza wilaya nzima.

Huko Ulaya wako nyigu wa ukoo mwingine wafanyao vivyo hivyo katika mashina ya mpopi, mmea utoao afyuni.

Wengi hukimbilia dawa ya kunyunyiza. Hiyo ni hasara tupu, kwa kuwa buu limo ndani ya kinundu na dawa haliifikii. Israeli walifanya vema zaidi: walileta kutoka Australia nyigu wengine wadogo ambao mabuu yao huwala mabuu ya adui huyu. Wako wasemao na auawe mkaratusi wote, maana hunywa maji ya mito. Shauri hilo lina haki yake, lakini halimsaidii aliyekwisha panda.

Mti mkubwa hudumaa tu, mara nyingi haufi. Mche ndio ufao. Kwa hiyo kitalu kikaguliwe kila juma, na mche wenye vinundu ung'olewe na kuchomwa moto kabla matundu hayajaonekana. Anunuaye miche na augeuze uti wa jani aupapase kwa kidole kabla ya kutoa fedha. Tena aulize aina: chotara nyingine zenye damu ya kamaldulensisi hushambuliwa vibaya, hali grandisi hustahimili zaidi.

Mwenye shaka apeleke tawi kwa Taasisi ya Utafiti wa Misitu, Muguga, likiwa ndani ya chupa iliyofungwa sawasawa, nyigu wasije wakatoka njiani.