Paa Likivuja, Nani Apande na Lini?

Mwezi huu tunapenda tuzungumze juu ya kazi ambayo wengi wetu huiona kuwa ni ya wanaume, nayo ni kupanda juu ya paa. Anayepanda mara nyingi ni baba, kijana au fundi. Lakini anayesema "leo bati lile lizibwe" mara nyingi ni sisi, kwa sababu ndio tunaotega ndoo chumbani usiku na kuhamisha magodoro ya watoto.

Kila mwaka mvua za vuli au za masika zinapokaribia, watu hupanda kuziba matundu. Nasi wauguzi huwapokea waliovunjika miguu, nyonga na uti wa mgongo. Nyumba zetu nyingi si za ghorofa, kwa hiyo watu hudharau kimo chake. Hata hivyo, mita 3 zinatosha kumvunja mtu mzima mgongo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kuwa watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka kwa namna mbalimbali. Kati ya ajali zote, ni zile za barabarani tu zinazoua watu wengi zaidi.

Tena anayebaki hai akiwa amepooza hateseki peke yake. Mkewe atamgeuza kitandani kila baada ya saa chache asipate vidonda, atamwosha, atamlisha, na watoto bado watahitaji ada. Bati linaweza kungoja siku tatu. Uti wa mgongo ukikatika haupigiliwi msumari.

SIKU ISIYOFAA

Wanaume wetu hupenda kutuambia, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Ni kweli, lakini methali hiyo haisemi ufa uzibwe mvua ikinyesha. Bati lililolowa huteleza kama sabuni, na umande wa asubuhi nao ni maji. Upepo ukiwa mkali, bati jipya mkononi mwa mtu hugeuka tanga la mashua na kumvuta. Mawingu ya radi yakionekana, aliye juu na ashuke. Usiku ule mmoja, tegeni ndoo.

Mwambie mwenzio kwa upole: "Baba Neema, naomba tungoje umande ukauke." Maneno hayo hayamvunjii mume heshima.

NANI ASIPANDE

Mwenye kifafa asipande. Mwenye kizunguzungu asipande. Aliyekunywa pombe asipande, hata kama anasema ni chupa moja. Baadhi ya dawa za presha humfanya mtu aone giza anapoinuka ghafla, na baadhi ya dawa za mafua na za mzio huleta usingizi. Wewe ndiye unayejua nani nyumbani amemeza nini asubuhi, basi uliza kabla ngazi haijasimamishwa.

Watoto nao wasitumwe kufuata mpira, eti kwa kuwa ni wepesi. Kazi ikiisha, ngazi ilazwe chini, maana ngazi iliyosimama humwita mtoto.

NGAZI NA BATI

Meza yenye stuli juu yake si ngazi. Ngazi isimame mahali pagumu. Udongo ukiwa laini, wekeni ubao chini yake. Kama inaegemea kwenye kimo cha mita 4, miguu yake ikae mita 1 kutoka ukutani. Ncha ya juu ipite ukingo wa paa kwa kiasi cha mita 1 na ifungwe kwa kamba, na mtu mmoja aishike chini. Anayepanda asibebe nyundo mkononi. Vifaa vitiwe kwenye ndoo na kuvutwa kwa kamba baadaye.

Juu ya bati, mguu ukanyage penye mstari wa misumari, kwa kuwa chini yake pana mbao. Katikati ya mbao bati hubonyea, na likiwa na kutu hutoboka. Bati la plastiki linaloingiza mwanga lisikanyagwe kabisa. Likishika vumbi hufanana na mengine, na mtu hupita nalo hadi sakafuni. Paa kuukuu la asbestosi nalo hupasuka ghafla, na vumbi lake huleta ugonjwa wa mapafu, hata saratani. Lisifagiliwe, lisikatwe kwa msumeno. Aitwe mwenye ujuzi nalo.

Kabla ya yote, tazameni waya wa umeme uingiao nyumbani. Ngazi ya chuma, bati au mlingoti wa antena ukigusa waya uliochubuka, unaweza kuua. Kazi ikiwa karibu na waya huo, waiteni TANESCO kwanza wakate umeme.

FUNDI NAYE ANA MAMA

Hapa tuseme wazi. Tunapombana fundi bei mpaka anakuja peke yake, bila msaidizi wa kushika ngazi na bila mkanda wa usalama, tumeokoa shilingi chache kwa kuhatarisha maisha ya mtoto wa mwenzetu. Tena kamba iliyofungwa kiunoni tu haitoshi, maana inaweza kumwumiza vibaya inapomkamata. Mkanda unaofaa hupita mabegani na mapajani, na kamba yake hufungwa mahali imara.

Katika Kumbukumbu la Torati 22:8, anayejenga nyumba mpya anaagizwa aweke ukingo kuzunguka paa lake, mtu asije akaanguka na nyumba ikabeba hatia ya damu. Agizo lile limewekwa mabegani mwa mwenye nyumba. Wenye mapaa bapa ya kuanikia nguo walitii kwa ukuta wa kweli, na sisi wenye mabati tulitii kwa kumlipa fundi na msaidizi wake.

AKIANGUKA

Majirani watakuja mbio wamwinue, wamketishe na kumpa maji. Hapo ndipo sauti yako inahitajika: "Msimwinue!" Uti wa mgongo uliovunjika unaweza kukata mishipa ya fahamu kwa sababu ya kuinuliwa vibaya. Kama kuna waya wa umeme, asiguswe na mtu mpaka umeme ukatwe.

Mtu mmoja apige magoti na kushika kichwa chake kwa mikono miwili kisigeuke. Asipewe maji wala chakula. Damu ikitoka kwa nguvu, kandamizeni kwa kitambaa safi. Akitapika, watu wanne wamgeuze ubavu kwa pamoja, kichwa na mwili vikienda kama gogo moja. Kama asipopumua, kuokoa pumzi hutangulia mgongo. Gari likipatikana, alazwe juu ya ubao mpana au mlango uliong'olewa, afungwe kwa khanga asiteleze, na msimkunje kwenye kiti.

Hata akisimama na kusema "sijaumia", apelekwe hospitali. Tumbo linaweza kuvuja damu ndani bila jeraha kuonekana. Muangalieni kwa saa 24. Akitapika, akisinzia kupita kawaida, akichanganyikiwa, au maji maji na damu yakitoka puani au sikioni, arudishwe hospitali usiku huo huo.

Basi wapendwa, kabla ya mvua kuanza, kaeni na baba jioni moja mkaangalie paa, ngazi na mfuko wa fedha. Chagueni siku kavu na mtu anayefaa. Na kama mvua ikiwahi kabla ya fundi, ndoo chini ya tundu si aibu. Tukutane tena mwezi ujao, Mungu akipenda.