Willy Gamba Naye Astahili Kufufuliwa

Filamu ya GoldenEye, iliyotoka mwezi Novemba mwaka 1995 baada ya miaka sita mizima ya ukimya wa James Bond, imekwisha kutimiza miongo mitatu, na katika muda huo wote imesifiwa kwa mambo ambayo, ingawa yanapendeza, ni mapambo tu: yule mtu aliyejirusha kwa kamba kutoka juu ya bwawa la Verzasca huko Uswisi, kimo cha mita 220, sauti ya Tina Turner katika wimbo wa ufunguzi, na mchezo wa kompyuta uliotengenezwa kwa jina lake mwaka 1997, ambao uliuzwa kwa mamilioni ya nakala na kuwafikia vijana wasiopata kuiona filamu yenyewe. Hayo yote nayakubali. Lakini urithi wake wa kudumu, ambao unatuhusu sisi wasomaji wa Kiswahili kuliko tunavyodhani, ni ule ujasiri wa kumchukua shujaa aliyezoeleka, kumsimamisha mbele ya hadhara na kumwuliza pasipo kumstahi: adui uliyeishi kwa ajili ya kupigana naye hayupo tena, je, kazi yako sasa ni ipi?

Swali hilo halikuzuliwa kwa ajili ya kunogesha mchezo. Filamu ya Bond iliyotangulia ilitoka mwaka 1989, na mwaka huohuo ukuta wa Berlin ukabomolewa. Mwaka 1991 Umoja wa Kisovyeti ukasambaratika. Na wakati dunia ikigeuka hivyo, wenye haki ya filamu hizo walikuwa wamekwama katika mashauri ya kisheria yasiyowaruhusu kupiga picha hata moja. Kazi ilipowezekana tena, mwongozaji Martin Campbell na mwigizaji mpya Pierce Brosnan wangeweza kujifanya kuwa hakuna lililobadilika. Badala yake filamu ilimpa Bond mkuu mpya wa kazi, mwanamke, aliyeigizwa na Judi Dench, na kwa kinywa cha mkuu huyo ikamshutumu Bond kuwa ni masalia ya vita vilivyokwisha. Kisha ikamletea adui asiyetoka ughaibuni bali katika idara yake mwenyewe: Alec Trevelyan, jasusi mwenzake wa zamani, mtoto wa Wakosaki ambao Waingereza waliwakabidhi kwa Stalin mwaka 1945, hali wakijua ni hatima gani iliyokuwa ikiwangoja. Dhuluma ya serikali ndiyo iliyomzaa adui wa serikali. Hapo ndipo filamu ilipopata uzito, na hapo ndipo Bond, aliyedhaniwa kuwa maiti, alipopata pumzi. Campbell huyohuyo alirudia kazi ya ufufuaji mwaka 2006 kwa Casino Royale, akirejea kitabu cha kwanza kabisa cha Ian Fleming, cha mwaka 1953.

Sasa nageukia jasusi wa kwetu. Marehemu Aristablus Elvis Musiba alimleta Willy Gamba kwa wasomaji mwaka 1974 katika Kufa na Kupona, akamrejesha mwaka 1979 katika Kikosi cha Kisasi na mwaka 1981 katika Njama. Aghalabu husemwa kuwa Gamba ni James Bond wa Afrika, na msemo huo, ambao ulikusudiwa kuwa sifa, mimi huuona kuwa unampunja. Kwani Bond alitumikia ufalme uliokuwa ukipoteza makoloni yake, na Gamba alitumikia watu waliokuwa bado wakipigana kutoka katika ukoloni. Tangu mwaka 1963 Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam. Wapigania uhuru walikuwa na kambi Kongwa na Nachingwea. Na tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, chama cha wapigania uhuru wa Msumbiji, aliuawa katika jiji hilohilo kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha kitabu. Basi Musiba alipoandika juu ya nyaraka za siri za wapigania uhuru zilizoibwa, na juu ya kijana aliyetumwa Nairobi kuzitafuta, hakuwa na haja ya kuazima hofu kutoka London. Hofu ilikuwa imejaa tele mtaani kwake.

Msumbiji na Angola zikawa huru mwaka 1975, Zimbabwe mwaka 1980, Namibia mwaka 1990. Mwaka 1994 watu wa Afrika Kusini wakapiga kura, na Kamati ya Ukombozi ikafungwa kwa kuwa ilikuwa imetimiza dhima yake. Naomba msomaji azitazame tarehe hizo kwa makini. Vita vya Gamba vilikwisha mwaka 1994, na Bond akaulizwa swali lake mwaka 1995. Majasusi wawili, kila mmoja kwa njia yake, walifikwa na msiba wa kukosa adui karibu kwa wakati mmoja. Mmoja wao akaulizwa kazi yake ni ipi, akajibu, na angali anajibu hata leo. Mwingine hakuulizwa kwa sauti kubwa kama hiyo. Nalisema hili kwa uchungu.

Huku kwetu Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, matokeo ya kusahauliwa kwa Gamba yalionekana dhahiri. Tanzania Bara ilikaa bila televisheni hadi mwaka 1994, na filamu zilitufikia kwa njia ya vibanda vya video vya Katesh, Haydom, Dongobesh na Mbulu mjini: chumba kimoja, mabenchi, deki na jenereta, na siku ya mnada watu wakibanana mpaka mlangoni, wafugaji wenye fimbo zao kando ya wanafunzi na wachuuzi wa vitunguu. Walikuja baadaye wasimulizi wa kanda, ambao Lufufu wa Dar es Salaam alivuma miongoni mwao, wakatia Kiswahili juu ya maneno ya Kiingereza, Kihindi na Kichina, wakaeleza, wakaonya, wakacheka na watazamaji wao. Mafanikio ya wasimulizi hao ni ushahidi mkubwa kwamba watu walitaka visa vya siri na hatari visemwe kwa lugha yao. Walipewa sauti ya Kiswahili, lakini nyuso, miji na mambo yaliyogombaniwa yakabaki ya watu wengine. Matokeo yake ni kuwa kijana wa Basotu leo anaweza kukutajia waigizaji wa Bond mmoja baada ya mwingine, na jina la Willy Gamba ukimtajia atakuuliza ni mchezaji wa timu gani.

Huenda mtu akasema kuwa kama vita vya ukombozi vimekwisha, Gamba apumzike kwa heshima. Jibu langu limo katika mkoa huuhuu wa Manyara. Tanzanaiti, madini yaliyogunduliwa mwaka 1967 na ambayo hayachimbwi mahali pengine popote duniani ila vilima vya Mirerani, yalitoroshwa kwa miaka mingi kiasi ambacho serikali, mwaka 2018, ililazimika kuzungushia machimbo ukuta wa kilomita 24. Nchi inapojenga ukuta wa urefu huo kuzuia kijiwe kinachoweza kufichwa chini ya ulimi, mwandishi wa hadithi za kijasusi ana haja gani ya kulalamika kuwa hana kisa?

Lakini kisa ninachokitamani zaidi kiko karibu nami, na ni kizito zaidi. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, katika nyanda za Basotu chini ya mlima Hanang, shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Canada, lilifungua mashamba makubwa ya ngano ambayo kwa jumla yalikadiriwa kufikia ekari 100,000, na ardhi hiyo ilikuwa malisho ya Wabarbaig, wafugaji wa huko. Trekta zilipita hata juu ya makaburi ya wazee wao, ambayo kwao ni mahali patukufu. Kijiji kimojawapo, Mulbadaw, kiliishtaki NAFCO mahakamani kikashinda. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikatengua sehemu kubwa ya ushindi huo. Nchi ilihitaji mkate, na wale waliopanga mashamba hayo hawakuwa lazima watu wabaya. Lakini mtoto aliyeona kaburi la babu yake likilimwa alikua na jambo moyoni, na jambo la namna hiyo ndilo lililomfanya Trevelyan awe adui wa kukumbukwa badala ya mwizi wa kawaida. Sitaki nieleweke vibaya, kana kwamba nataka Mbarbaig afanywe mhalifu wa filamu. Amekwisha kutukanwa vya kutosha katika masimulizi ya wengine. Nataka Gamba mzee, aliyeitumikia serikali yake kwa uaminifu wakati adui alipokuwa Mkaburu, atumwe Hanang kuchunguza jambo, akutane na kijana wa huko ambaye anaijua nchi hii kuliko yeye, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi alazimike kuuliza ikiwa waliomtuma wana haki. Na akihitaji mkuu wa kumkemea kama Judi Dench alivyomkemea Bond, wala asitafutwe mbali: Wabarbaig wana baraza la wanawake ambalo tangu zamani huketi peke yake, husikiliza kesi za wanaume waliowakosea wanawake, na huwatoza faini ya ng'ombe.

Wako wanaozidharau hadithi za kijasusi kuwa si fasihi ya kweli, na darasani hutajwa upesi ili kupisha riwaya nzito. Mimi naziheshimu riwaya nzito. Lakini nakumbusha kuwa Muhammed Said Abdulla wa Unguja, ambaye riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale imo katika orodha ya vitabu vyetu vya heshima, aliandika hadithi za upelelezi, na ufundi wake wa lugha haukupungua kwa sababu mpelelezi wake, Bwana Msa, alikuwa akitafuta muuaji.

Wengine watalalamikia gharama, na hao wana hoja, kwa kuwa GoldenEye ilitengenezwa kwa mamilioni ya dola na sisi hatunazo. Hata hivyo sehemu bora za filamu ile ni watu wawili chumbani wakiambiana ukweli, na hilo halihitaji kulipua kitu. Mandhari tumejaliwa. Mlima Hanang una kimo cha takriban mita 3,420, ziwa Basotu liko pale lilipo, na huko Kainam Wairaqw walikuwa na nyumba zilizochimbwa ubavuni mwa vilima, paa zake zikiwa udongo, ili wavamizi wasizione. Watu waliojua kujificha namna hiyo hawawezi kukosa mtu wa kuigiza jasusi.

Kwa hiyo nawaomba wachapishaji wenye haki ya vitabu vya Musiba, pamoja na warithi wake, wahakikishe Kufa na Kupona inapatikana katika maduka ya Katesh na Mbulu mjini kama vinavyopatikana vitabu vya kiada. Na naiomba Bodi ya Filamu Tanzania iwakutanishe warithi hao na waandishi na waongozaji vijana, wakubaliane kuhusu haki na malipo kwa maandishi, kisha wamwandikie Willy Gamba kisa kipya cha zama hizi. Wakikubali, waje Hanang waanze kazi wakati wa kiangazi, kwa kuwa masika barabara za Basotu huwa hazipitiki kwa urahisi.